Kujuana na kujulikana

Mwaka juzi ofisi niliyokuwa nafanyia kazi, kampuni ya uwakala wa forodha kule Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, ilihitaji karani wa nyaraka. Nafasi ilikuwa moja. Baada ya usaili walibaki vijana wawili, wote wana shahada, wote wamejibu vizuri, na bosi akaniachia mimi nikate shauri. Nikafanya jambo ambalo vijana wengi hudhani hakuna anayelifanya: nikafungua ukurasa wa mwisho wa CV zao, nikachukua simu, nikaanza kuwapigia wadhamini, yaani wale watu watatu ambao mwombaji huwaandika ili waulizwe habari zake.

Kijana wa kwanza alikuwa ameandika mhadhiri, mchungaji na meneja wa kampuni fulani. Mhadhiri aliniuliza jina mara mbili, akauliza na mwaka wa kuhitimu, mwisho akasema, "Nitakuwa nilimfundisha, maana darasa lile nilikuwa nalo mimi." Mchungaji akanihakikishia kwamba kijana ana hofu ya Mungu. Meneja alikuwa mjomba wake, na alinieleza hivyo mwenyewe kabla sijamaliza salamu.

Kijana wa pili naye alikuwa na mhadhiri, ambaye hakupokea, na afisa wa benki aliyesema maneno machache ya heshima. Mdhamini wa tatu alikuwa mama mwenye duka la stationari Mbagala Rangi Tatu. Mama huyu nilizungumza naye zaidi ya robo saa. Alinisimulia kwamba kijana alikaa naye miezi saba baada ya chuo, akichapa barua na kutoa kopi. Kwamba hesabu ya karatasi na hesabu ya hela zilikuwa hazikubaliani kila jioni, kijana akaanzisha daftari la kuandika kila karatasi iliyoharibika kwenye mashine, na tangu hapo ugomvi wa dukani ukaisha. Kwamba siku moja mteja alisahau bahasha yenye vyeti vyake halisi, na kijana alihangaika siku mbili akitafuta namba ya simu ndani ya zile karatasi mpaka mwenyewe akapatikana. "Baba," akaniambia mwishoni, "ukimchukua utaniumiza, lakini mchukue tu."

Tulimchukua. Karani wa nyaraka kazi yake ni kulinda karatasi za watu, na mimi nilikuwa nimetoka kusikia habari za mtu anayelinda karatasi za watu. Mjomba mwenye cheo hakuweza kunipa habari ya namna hiyo, kwa sababu hakuwahi kumwona mpwa wake akiwa kazini.

Nimeshughulika na kuajiri kwa miaka 11, na kila nikiulizwa na kijana afanye nini apate kazi, wazo langu linarudi kwenye ile simu ya Mbagala. Vijana wetu wanaambiwa waandike CV nzuri, wavae vizuri, wajiamini, wamwangalie msaili machoni. Sawa, yafanyike. Lakini hakuna anayewaambia watafute watu watatu waliowahi kuwaona wakifanya kazi, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo kazi nyingi zinapopatikana au kukosekana.

Tuanze na ukubwa wa foleni, maana kijana asipoujua atajilaumu bure. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Ukigawanya, kila kiti kimoja kiligombewa na watu 84 na ushee. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, wakajitokeza zaidi ya watu 10,000, na usaili ikabidi ufanyikie Uwanja wa Taifa, vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira na kalamu zao mkononi. Wengi waliokuwa pale sasa wana umri wa kuwa wazazi wa wanafunzi wa sekondari.

Mtu akikosa nafasi mahali ambapo watu 83 kati ya 84 lazima wakose, amekosa kwa hesabu. Wazazi wanapaswa kulielewa hili kabla hawajaanza kumsema mtoto mezani kwamba fulani wa jirani mbona kapata. Nimeona vijana waliofanya vizuri sana chuoni wakaanza kuamini kwamba wana mkosi, wakahama nyumbani kwa sababu ya maneno ya jikoni, huku Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu nayo inahesabu miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kuanza kudai marejesho. Presha hiyo haimsaidii mtu kutafuta kazi. Inamfanya apeleke barua mia moja zinazofanana sehemu mia moja.

Na hapa sina budi kutofautiana na wahenga. Tunaambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la kijijini, lenye wauzaji kumi na wanunuzi wanaofahamiana, ilikuwa kweli. Kwenye rundo la maombi 600 ya karani mmoja, chema kimelala katikati ya bahasha za kaki na hakuna anayekiona. Mimi nimekuwa upande wa pili wa lile rundo. Ukifika bahasha ya mia moja na hamsini, macho yanasoma lakini akili imeshachoka, na unaanza kutafuta sababu ya kuiweka pembeni, siyo sababu ya kuichukua: jina limekosewa, namba ya simu haipo, barua imeandikiwa kampuni nyingine. Najua inaumiza kusikia hivyo, lakini ndivyo inavyokuwa.

Sasa niseme nafasi nyingi za ofisi ndogo na za kati zinavyojazwa. Jumanne asubuhi karani anaandika barua ya kuacha kazi. Bosi anatoka ofisini kwake, anasimama mlangoni kwa mhasibu, anauliza maneno mawili: "Una mtu?" Kutangaza maana yake ni wiki tatu na lile rundo, na kazi bandarini haisubiri wiki tatu. Mhasibu akisema "ninaye," Alhamisi kijana anaitwa, Jumatatu ana meza. Hakuna tangazo lililotoka, na wale waliokuwa wakikagua mitandao ya ajira kila usiku hawatajua kamwe kwamba nafasi iliwahi kuwepo.

Vijana wanaliita hili koneksheni, na hulitamka kwa uchungu. Nawaelewa, kwa sababu ndani ya neno hilo kuna mambo mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni kujuana: mtoto wa shemeji anaingizwa ofisini hajui kitu, anakaa kwenye kiti ambacho kilikuwa cha mtoto wa mkulima aliyesoma kwa taabu. Huo ni wizi. Sitautetea, na nimeshauona ukiangusha ofisi nzima, maana kazi ya yule aliyeingizwa inabidi ifanywe na wengine. La pili ni kujulikana: mhasibu anasema "ninaye" kwa sababu mwaka jana alikaa na kijana wiki nane za fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa chuo, akamwona anavyofunga hesabu ya siku, na yuko tayari kuweka jina lake juu ya jina la kijana huyo. Maana ukimleta mtu akaharibu, aibu ni yako. Kujuana mtu hurithi. Kujulikana ni jambo ambalo mtu hulihangaikia mwenyewe, na mtoto wa mkulima analiweza sawasawa na mtoto wa waziri. Pengine analiweza zaidi, kwa sababu yeye hana mwingine wa kumtegemea.

Ndiyo maana nasikitika sana ninapoona fildi inavyotumika. Mwanafunzi anatumwa ofisini wiki nane, anakaa pembeni na simu yake, anasubiri ijumaa agongewe muhuri kwenye kitabu cha fildi. Ofisi nayo haina habari naye, inamtuma vocha na maji ya kunywa. Wiki nane zinakwisha, anaondoka, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka jina lake. Kumbe pale ndipo alipokuwa na watu wazima kumi wenye ajira ndani ya chumba kimoja, kila siku, bure. Hatakuja kupata tena nafasi kama ile katika maisha yake ya kutafuta kazi.

Kila ofisi ya nchi hii ina kero moja ambayo watu wameizoea na hakuna mwenye muda nayo. Majalada ya mwaka 2019 yamelundikwa chini ya ngazi. Stoo haijulikani ina nini. Orodha ya wateja wanaodaiwa iko kwenye madaftari matatu yasiyokubaliana. Kijana wa fildi akiiona kero hiyo wiki ya kwanza na kuomba ruhusa aishughulikie, ataondoka ameacha kitu kinachoonekana. Tulikuwa na binti mmoja aliyepanga stoo yetu ya nyaraka kwa namba za meli na tarehe za kuwasili, akabandika orodha mlangoni. Leo ni mwaka wa nne tangu aondoke. Watu wakitafuta jalada bado wanasema, "Angalia orodha ya Neema." Jina hilo nimelibadili, lakini jina lake halisi linatajwa ofisini ile karibu kila wiki na watu wanaoulizwa mara kwa mara, "Una mtu?"

Baada ya fildi usipotee. Hapa vijana wengi wanaona haya, wanadhani kumtafuta mtu mzima ni kumsumbua, au ni kujipendekeza. Wanarudi baada ya miaka miwili na ujumbe mfupi: "Shkamoo, mambo vipi, naomba connection ya kazi." Ujumbe huo haujibiwi, siyo kwa dharau, ila kwa sababu mpokeaji hajui aliyemwandikia ni nani wala anaweza nini. Uandikwe hivi, au kwa namna inayofanana na hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni yule kijana wa fildi wa Julai hadi Septemba mwaka juzi, niliyepanga majalada ya wateja wanaodaiwa. Nimehitimu mwezi uliopita. Sasa hivi nasaidia hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tegeta. Nikisikia nafasi ya karani wa hesabu nitaomba, na nilikuwa naomba ruhusa yako nikuandike kama mdhamini. Nakutakia kazi njema."

Angalia ujumbe huo unafanya nini. Unamkumbusha kazi, unampa habari mpya, na unaomba kitu kidogo ambacho hakimgharimu. Hauombi kazi. Lakini kesho yake bosi akisimama mlangoni na lile swali lake, jibu limeshawekwa mdomoni mwa huyu mama. Mwandikie tena baada ya miezi mitatu, hata kama ni kumpa pole ya msiba au kumtakia Idi njema.

Wapo watakaosema: mimi fildi yangu ilipita vibaya, niko mtaani mwaka wa pili, nianzie wapi? Anzia pale ulipo, kwa maana ya mtaa wenyewe. VICOBA, vile vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa, vinahitaji katibu anayejua kuandika hesabu ikaeleweka. Kamati ya msikiti au ya kanisa inajenga choo na hakuna anayetunza risiti. Kituo cha bodaboda kina mfuko wa kufa na kuzikana unaoandikwa nyuma ya kalenda. Duka la vifaa vya ujenzi linapoteza misumari na mwenye duka anamshuku kila mfanyakazi. Hizi ni kazi za kweli. Zinafanywa mbele ya watu, na watu hao wana simu. Mwenye duka hilo la vifaa anafahamiana na msambazaji wa saruji, na msambazaji ana ofisi yenye makarani. Stationari ya Mbagala haikuwa kampuni kubwa, lakini mwenye duka alikuwa na habari za kunipa.

Najua linalonyima watu usingizi hapo: kijana ana shahada, halafu watu wa mtaani wamwone anatoa kopi? Ndugu wamechanga hela akasome, leo yuko kwenye kibanda? Aibu hii ni nzito na sitaifanya nyepesi. Ila niseme nilichokiona. Katika usaili, kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili akisubiri kazi ya hadhi yake hujibu maswali kwa kukumbuka madaftari ya chuo. Aliyekuwa kwenye kibanda hujibu kwa kukumbuka juzi. Ukimuuliza ulishawahi kugombana na mteja ukafanyaje, wa kwanza anatoa nadharia ya huduma kwa wateja, wa pili anacheka kidogo halafu anakusimulia. Huyu wa pili ndiye wasaili hubaki wakimzungumzia akishatoka.

Na uzoefu wa miaka mitatu unaotajwa kwenye matangazo? Nimeandika matangazo ya namna hiyo mimi mwenyewe. Mara nyingi hatukuwa na hesabu yoyote ya kwa nini mitatu na siyo miwili. Tulikuwa tunaogopa rundo, tukaweka ukuta. Tulichokuwa tunakitaka hasa ni mtu ambaye hatutalazimika kumfundisha kufika saa mbili, kupokea simu kwa adabu, na kusema mapema akikosea. Kijana anayeweza kuonyesha hayo kwa mifano aombe hata kama hajatimiza miaka mitatu, kwenye kampuni binafsi hasa. Serikalini sifa ni sifa, huko usijaribu.

Neno sasa kuhusu kujitolea, maana ushauri wangu unaweza kutumiwa vibaya na waajiri wanaotaka watumishi wa bure. Kujitolea kuna mwisho. Kama ofisi inakuhitaji kila siku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, na kazi unayoifanya ingelazimika kufanywa na mtu wa mshahara, basi baada ya miezi mitatu wewe ni mfanyakazi asiyelipwa, na hilo lina jina lake. Kabla hujaanza, kaa na mkubwa wa ofisi mkubaliane kwa maandishi hata ya nusu ukurasa: muda, kazi, nauli na chakula cha mchana, na barua utakayopewa mwishoni. Akikataa kuandika nusu ukurasa, umeshajua atakavyokutendea. Serikali ina programu zake za utarajali (mafunzo kazini kwa wahitimu) na uanagenzi (kujifunza ufundi kazini), zenye miongozo iliyotolewa mwaka 2017, na zinasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtarajali ana muda maalumu na ana haki ya kujifunza, hivyo ulizia huko kwanza. Nilimfahamu dada mmoja aliyejitolea miaka miwili katika ofisi ambayo sitaitaja, kila mwezi akiahidiwa mkataba wa mwezi ujao. Akiumwa alikatwa hata ile nauli. Aliondoka na barua ya mistari minne isiyotaja alichokifanya. Mpaka leo nikikumbuka ile barua nakasirika.

Mabinti wanakutana na jingine juu ya hayo. Mtu anaahidi nafasi, kisha anataka mkutane jioni, hotelini, "tuongee vizuri." Kwa lugha ya sheria hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi katika kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Hifadhi jumbe zake usizifute hata kama zinakuchefua. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, kabla hofu haijakushauri ukae kimya. Kina baba na kina kaka, binti akikwambia hivi usianze kumuuliza alivaa nini.

Matapeli wa ajira nao wana dalili moja inayowakusanya wote: hela inatangulia. Wataiita ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare, ya "kukuwekea nafasi." Tangazo lina nembo ya taasisi kubwa, lakini namba ya kutuma pesa ni ya mtu binafsi. Mwajiri wa kweli ndiye anayetoa hela mwisho wa mwezi. Anayetaka utangulize wewe, mwache.

Kwa wanaoomba utumishi wa umma, nitataja machache tu, kwa sababu nimeona watu wakipoteza nafasi kwa vitu vidogo mno. Majina ndiyo adui wa kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohammed, kitambulisho cha taifa kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Mlangoni pa usaili watu wanarudishwa kwa herufi moja. Andaa leo hati ya kiapo ya majina, inayoonyesha kwamba majina hayo yote ni yako, kabla hujaitwa popote. Tangazo linapotaka cheti, hati ya matokeo haitakubaliwa, hata kama ina alama zile zile. Ukiona hujaitwa, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, usome sababu, badala ya kudhani tu kwamba waliitwa watoto wa wakubwa. Mara nyingi sababu ni barua isiyosainiwa au kiambatisho kilichopachikwa mahali pa kingine. Tena usidharau usaili kwa sababu nafasi ni mbili tu. Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoendesha usaili huo, ina kanzidata ya waliofaulu na kukosa nafasi, na watu wameitwa kazini kutoka humo wakiwa wameshasahau kwamba waliwahi kufanya mtihani.

Gharama za kwenda kwenye usaili ni zako zote, chakula, usafiri na malazi, na tangazo husema hivyo bila kificho. Ukiitwa usaili Dodoma, treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam, daraja la kawaida, ni shilingi 31,000 kwenda tu. Kwa kijana anayetoka Mtwara au Kigoma hesabu ni kubwa zaidi, na wapo wanaolala msikitini au stendi usiku wa kuamkia mtihani. Naamini nchi inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Kusogeza usaili mikoani ni hatua ya haki, na ningependa ifike mahali mtoto wa Kibondo asishindwe mtihani kwa sababu hakulala.

CV yenyewe sitaizungumzia sana. Kurasa mbili zinatosha. Ondoa dini, ondoa kimo chako, ondoa orodha ya unavyopenda kuangalia mpira na kusafiri. Na pale kwenye kazi ulizofanya, usiandike "nilifanya kazi mbalimbali za ofisi." Andika ulichokikuta na ulichokiacha: "Nilikuta majalada ya wateja 340 hayana mpangilio, nikayapanga kwa herufi na kutengeneza orodha yake kwenye kompyuta, wiki tano." Mstari mmoja wa namna hii unamfanya msomaji aliyechoka ainue macho.

Halafu fika ukurasa wa mwisho, pale pa wadhamini watatu, ambapo watu wengi hujaza harakaharaka wakiwa wamesimama kaunta ya stationari na foleni iko nyuma yao. Paheshimu mahali hapo. Usimwandike mtu mwenye cheo asiyekujua ukamwacha fundi aliyekufundisha kazi. Usimwandike ndugu wa ukoo mmoja nawe, jina la tatu linawatangaza. Kila utakayemwandika mpigie kwanza, umwambie unaomba kazi gani na wapi, umtumie tangazo alisome, umkumbushe mlifanya nini pamoja na mwaka gani. Mwombe akwambie ukweli kama hana la kusema juu yako, na akisema hana, mshukuru umtafute mwingine. Na ile namba uliyoiandika ipige tena siku ya kutuma barua. Mwaka huu peke yake nimepiga namba nne za wadhamini ambazo hazipatikani, na ya tano ilipokelewa na mtoto aliyesema mwenye simu alishahamia Tunduma.